Vifaranga Wenye Kofia

Nilipopigiwa simu kutoka Kwashemshi kuambiwa kwamba Bwana Mifugo amefariki, neno la kwanza kunitoka mdomoni, Mungu anisamehe, halikuwa rambirambi. Nilisema, "Kafa na jogoo wetu tumboni." Kijana aliyepiga simu akauliza, "Unasemaje, bibi?" Nikamjibu si kitu, nitakuja mazikoni, nikakata. Nilikaa pale uani kwangu Manundu, Korogwe, na sufuria ya maharage mapajani, nikajiona mtu wa ajabu. Huyu ndiye aliyeniandikia barua iliyonipeleka chuo cha mifugo. Miaka yote niliyotembea vijijini kuchanja ng'ombe wa watu, mlango alinifungulia yeye. Na bado, kwa karibu miaka hamsini, nilimwekea kinyongo kwa ajili ya jogoo mmoja. Tulikutana mara mbili tu baada ya kuhamishwa kwake, na mara zote mbili nilimwamkia shikamoo kwa adabu zote, nikapita zangu. Wanangu wakinisikia nikilisema hili hucheka mpaka wanashika mbavu. Wacha wacheke. Wao hawakumjua yule jogoo, wala hawakumjua Bibi Mwantumu.

Ya kwetu nyumbani siyaandiki hapa, yana mahali pake. Ninaandika mwaka mmoja tu, mwaka uliofuata ule tuliohamishiwa kijijini, huko Handeni, upande wa Kwaluguru. Mwanzoni kila ukoo ulikaa kwake, nyumba mbili hapa, nyumba tatu kule ng'ambo ya kijito. Tukaambiwa tukae pamoja ili shule, maji na zahanati vitufikie. Basi tukapangwa kwa mistari, nyumba kwa nyumba, mtu na jirani ambaye jana alikuwa mbali naye mwendo wa saa nzima. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Darasa la saba nimemaliza, sekondari sikuchaguliwa, mwandiko wangu mzuri sina pa kuupeleka. Bibi Mwantumu alikuwa mjane asiye na mtoto hai, akaonekana hawezi kulala peke yake, nikaambiwa mimi nikalale kwake. Hakuwa bibi yangu wa kuzaa mzazi wangu. Alikuja kuwa bibi yangu kwa kula naye sahani moja.

Chumba chetu kilikuwa kimoja. Kulikuwa na kitanda cha kamba ukutani, mkeka wangu sakafuni, mafiga matatu karibu na mlango, na chini ya kitanda ndiko walikolala kuku. Ukuta wa upande wa mashariki ulikuwa haujakandikwa udongo, fito tupu, na ng'ambo ya fito hizo ndipo palipokuwa na baraza la Mwenyekiti wa kijiji. Tulisikia kila kitu. Tulimsikia akipuliza chai, akikohoa, akimgombeza mkewe kwa sauti ya chini. Bibi alikataa katakata kuukandika ukuta ule. "Wewe hutaki redio?" aliniuliza. Jioni tulikaa na bada letu, ule ugali wa muhogo, na mlenda uliovutika mpaka kidevuni, tukila kimya ili tusipitwe na neno.

Kuku wa Bibi walikuwa na milia, mweupe, kijivu, mweupe, kijivu, kuanzia shingoni hadi mkiani. Aliwaita kuku wa mkeka, na kweli ungedhani wamesukwa. Alitoka nao kwenye mahame yake, pale alipoolewa na alipozika wanawe, na ndicho kitu pekee kutoka kule kilichokuwa bado kinapumua. Alikuwa akiwasoma kama mtu anavyosoma sura za ndugu msibani. "Huyu kachukua kishungi cha nyanya yake. Yule miguu ya njano hiyo si yetu, ni ya kuku wa shemeji, iliingia mwaka wa nzige." Niliona ni porojo za kizee. Mtoto wa darasa la saba anajua kila kitu.

Masika ilipokuwa inaisha ndipo Bwana Mifugo alipokuja kwa baiskeli, tenga nyuma, na ndani ya tenga majogoo sita wekundu, wazito, wenye kujiona. Alikuwa kijana wa Kishambaa, mwembamba, suruali kaibana kwa vibanio vya nguo isiingie kwenye mnyororo. Akasimama mkutanoni akaeleza kwamba kuku wetu ni wadogo na wanataga kwa kudokoa. Tukiwachanganya na damu hii mpya tutapata mayai ya kutosha watoto wote shuleni. Lakini mchanganyiko hautakuwa na maana kama majogoo wetu wataendelea kupanda. "Kwa hiyo," akasema, na Mwenyekiti akayarudia kwa sauti kubwa zaidi, "kila jogoo wa kienyeji atoke kijijini kabla ya mwezi kuandama." Atoke kijijini. Nakumbuka neno lenyewe kwa sababu mimi ndiye niliyeliandika. Siku hiyohiyo waliniteua kuwa karani wa kuku.

Lo, tulikula! Wiki mbili kijiji kizima kilinukia mchuzi wa jogoo. Watu walioonja nyama mara mbili kwa mwaka walianza kuchagua kipande. Bibi yeye hakuchinja. Alimtia jogoo wake wa mkeka kwenye kapu, mchana kweupe, akapita nalo katikati ya nyumba huku akiitikia salamu, akarudi jioni kapu limejaa muhogo. Nilidhani kambadilisha gulioni.

Vifaranga wa kwanza wa damu mpya walipoanguliwa, walikuwa weusi wote, weusi ti. Nikasikitika, maana nilitarajia wekundu. Bibi akawainua mmoja mmoja, akanionyesha utosini. Baadhi walikuwa na doa jeupe juu ya kichwa, wengine hawana. "Hawa wenye kofia ni madume," akasema. "Wasio na kofia, majike." Nikamwambia, "Bibi, wa siku mbili hawa! Hata Bwana Mifugo hawezi kujua." Akanisonya. "Jogoo mwekundu akipanda kuku wa mkeka, mwana wa kiume humfuata mama, wa kike humfuata baba. Mimi nimeyaona haya kabla mama yako hajaota meno. Andika." Nikaandika kwa kumridhisha. Miezi mitatu baadaye, wenye kofia wote walikuwa na milia na vilemba vyekundu, wanajaribu kuwika na kukwama katikati. Wasio na kofia walikuwa mitetea weusi, shingoni wamezungushiwa manyoya mekundu kama waliovaa shanga. Hakukosea hata mmoja.

Bwana Mifugo alipokuja nikampa daftari. Alisoma, akaenda kuwatazama kuku, akarudi kusoma tena. "Hili nimelisoma kitabuni chuoni," akasema, "kwa macho yangu sijapata kuliona. Nani kakufundisha?" Na mimi, ibilisi wa sifa kanikaa shingoni, nikajibu, "Nimechunguza." Bibi alikuwa palepale anapepeta. Hakuinua uso. Basi nikawa mtu mkubwa. Wanawake waliopewa na Bibi mayai ya kuku wa mkeka waliniletea vifaranga kwenye ungo niwaambie yupi wa kufuga na yupi wa kitoweo, kwa sababu kanuni ya kijiji ilikuwa hiyo: mwenye kofia hukuzwa akaliwa, asiye na kofia hufugwa. Hata watoto barabarani walinipigia kelele, "Zaina wa kofia!"

Vuli ilipoingia, kuku watatu wa mkeka wa Bibi waliatamia kwa mpigo. Wakaangua vifaranga ishirini na sita. Nikawatia kwenye ungo, nikaanza kuhesabu, na wote, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, walikuwa na kofia. Hapo ndipo mtu mwenye akili angekaa chini akajiuliza. Mimi nilibeba ungo kichwani moja kwa moja hadi barazani kwa kamati, nikatangaza, "Majogoo matupu! Ishirini na sita!" Wazee wakacheka, wakashangaa, wakaniuliza nina hakika. "Hakika yangu mnaijua," nikasema. Ukinikumbusha sauti niliyoitolea maneno hayo, hadi leo natafuta pa kujificha.

Jioni ile tulikuwa tunakula. Ng'ambo ya fito Mwenyekiti akasema, "Basi kuku wa yule bibi wameharibika. Kuzaa madume tu, faida gani? Wale mama watatu tuwachinjie wageni wa wilaya Jumamosi, vifaranga wapelekwe kambini kwa wachimba bwawa, wakikua wawe kitoweo chao." Mwingine akaitikia, "Na bibi tutampa mitetea ya kizungu, nyeupe." Nikamtazama Bibi. Tonge lilikuwa mkononi mwake. Akalirudisha sahanini polepole, akanawa, akapanda kitandani akaugeukia ukuta. Kuku chini ya kitanda walikuwa wakijipanga kulala, wakinong'ona kama kawaida yao.

Asubuhi ndipo aliponiambia. Alinikalisha kando ya mafiga akasema, "Zaina, umesoma kofia, hukutazama baba." Jogoo wake hakubadilishwa gulioni. Alikuwa kule karibu na mahame, kwenye boma la mama mmoja wa Kimaasai tuliyemwita Yeyo, rafiki yake tangu enzi za kubadilishana maziwa na muhogo. Watu wa boma lile walikuwa hawali kuku wala yai. Kwao jogoo ni saa ya kuamkia tu. Pahali salama kuliko hapo angepata wapi? Alimwachia Yeyo na kuku wawili wa mkeka, na kila Alhamisi alipokwenda kuchimba muhogo alirudi na mayai chini ya kapu, akayapenyeza chini ya kuku wake wanaoatamia hapa nyumbani. Hakuna damu nyekundu iliyoingia. Baba wa mkeka, mama wa mkeka, watoto wote na kofia, wa kiume na wa kike. "Hawa weusi wenu ni wazuri," akasema, "wanataga kuliko wangu, sibishi. Lakini mbegu ikiisha imeisha. Mimi sina mtu wa kumwachia sura yangu. Niachieni kuku."

Sijui kama nimewahi kujichukia kama nilivyojichukia pale. Nilimwomba radhi, nikalia, akaniambia niache kulilia moshi, nitazame. Akanifundisha tena, kwenye ungo uleule. Hata wa mkeka tupu wana tofauti: dume kofia yake kubwa, imetapakaa pembeni kama iliyovaliwa haraka, jike kofia yake ndogo, duara, na miguu yake mbele imetiwa weusi. Tuliwagawa. Majike yalikuwa kumi na nne. Sasa nilijua ukweli, na ukweli wenyewe ulikuwa mtego. Nikinyamaza, kuku wanachinjwa. Nikisema, Bwana Mifugo atajua papo hapo kwamba pana jogoo kafichwa, na Bibi atasimamishwa mbele ya watu kama mkaidi wa kijiji. Nilimuuliza nifanye nini. "Wewe sema ulilokosea," akanijibu. "Langu nitalisema mwenyewe."

Mkutano ulikuwa Ijumaa baada ya swala. Nikasimama, nikasema, "Nilikosea. Hawa si majogoo wote. Zaidi ya nusu ni majike." Weee! Kicheko kilichopigwa! Mwenyekiti akasema, "Leo hata majike yanavaa kofia?" Bwana Mifugo peke yake hakucheka. Akachuchumaa kwenye ungo, akainua kifaranga mmoja, wa pili, wa tano. Akaendelea kuwapindua mmoja mmoja mpaka kicheko kikafa chenyewe. Kisha akainua macho, si kwangu, kwa Bibi.

"Bibi," akasema kwa upole, "baba yao yuko wapi?"

"Baba yao yupi, mwanangu?"

"Jogoo wa mkeka."

"Ala! Si mlisema atoke kijijini? Alitoka. Karani wako aliandika, atoke kijijini. Kwani kwa Yeyo ni kijijini?"

Nikalifungua daftari nikasoma, na kweli, ndivyo ilivyoandikwa. Watu wakacheka tena, lakini safari hii walicheka na Bibi. Mwenyekiti hakupendezwa hata kidogo. Alisema amri ni amri, na Jumamosi wageni wanakuja, watuonaje? Bwana Mifugo akajipangusa magoti. Akasema kuku mama wabaki, vifaranga wabaki, sheria haikuwataja. "Ila jogoo namchukua mimi." Mwenyekiti akauliza, "Umchinje?" Akajibu, "Najua la kufanya naye."

Tulikwenda watatu hadi kwenye boma, yeye anakokota baiskeli. Yeyo akamtoa jogoo, mkubwa, milia imekolea, akamkabidhi Bibi, Bibi akamkabidhi Bwana Mifugo. Kijana yule akatoa leso yake mfukoni akamfunga miguu kwa leso, akamweka kwenye tenga, akalifunika na jani la mgomba. Kisha akauliza, "Anapenda kula nini?" Nikasema kwa sauti ya kusikika, "Mtu wa kumla jioni anauliza anakula nini!" Bibi akanigeukia, "Nyamaza, Zaina." Akamwambia, "Mahindi. Lakini uyaloweke, makavu hayagusi, tangu kifaranga. Ndivyo nilivyomzoeza." Bwana Mifugo akaitikia, "Haya, bibi," akapanda baiskeli. Nilitazama lile tenga mpaka njia ikalimeza.

Wiki iliyofuata, ng'ambo ya fito, Mwenyekiti alimuuliza Bwana Mifugo, "Yule jogoo vipi?" Tukasikia, mimi na Bibi, tonge mikononi: "Nimemla." "Mtamu?" "Mgumu, lakini mchuzi ulikuwa mzuri." Barazani wakacheka. Nikamtazama Bibi nikitegemea machozi, nikamkuta anatabasamu peke yake, anachovya mlenda. Nikamkasirikia hata yeye. Nilidhani uzee umemwingia kichwani.

Kiangazi mdondo ulipita. Waliofuga wanaujua: asubuhi kuku anasinzia, jioni amelala chali. Haukuchagua mwekundu wala mweusi wala wa mkeka. Wale vifaranga wetu ishirini na sita niliowapigania, mama zao, na wale wawili wa kwa Yeyo tuliokuwa tumewarudisha nyumbani, wote niliwazika mimi. Bibi alifagia chini ya kitanda, akasimama na ufagio mkononi, akasema, "Mbegu haikuisha." Niliona anajiliwaza, nikamwacha. Mwaka ulikuwa haujatimia tangu waje wale majogoo wekundu, barua ya chuo ilipokuja, na Bwana Mifugo akahamishwa kwenda mbali, kusini. Bibi alifariki nikiwa chuoni. Nilimlilia yeye, na kwa ujinga wangu nikamlilia na jogoo.

Basi nikapanda Kwashemshi kwenye maziko na kinyongo changu kimekunjwa vizuri mkobani. Kule kuna ubaridi, uwanja ulikuwa umejaa watu, wanaume wamesharudi kutoka makaburini. Nikatafuta kigoda pembeni, karibu na jiko la nje, nipumzishe magoti. Binti wa miaka kama kumi na miwili alikuwa ameinama juu ya sufuria, anamwaga mahindi kwenye maji. Nikamwambia, kwa ulimi wangu huu, "Mwanangu, msiba una wageni wenye njaa, wewe unaloweka makande sasa hivi?" Akasema, "Shikamoo bibi. Si makande. Ni ya kuku." Nikamuuliza, "Kuku gani wa kulowekewa mahindi?" Akashangaa kwamba naweza kuuliza swali kama hilo. "Wetu hawali makavu, bibi. Ndivyo tulivyofundishwa." "Na nani?" "Babu. Naye aliambiwa na bibi mmoja wa Handeni, aliyempa jogoo amletee mama yake huku. Jogoo wa kwanza wa hawa." Akapiga ulimi mara mbili tatu, na wakaja mbio kutoka migombani: mweupe, kijivu, mweupe, kijivu, kuanzia shingoni hadi mkiani. Wengine walikuwa wamechanganyika, mwenye miguu ya njano, mwenye shingo nyekundu, lakini milia ilikuwa ileile. Nyuma yao alikuja koo na vifaranga wake, weusi, kila mmoja na kofia yake.

Mtu wa kumla jogoo haulizi anapenda kula nini. Bibi alilielewa pale pale bomani, na ndiyo maana alitabasamu. Yule kijana alivunja amri yake mwenyewe, akasema uongo barazani kumwokoa mjane na aibu, akabeba ukali wangu wa miaka karibu hamsini bila kusema neno. Na mimi niliyejifanya mjuzi wa kusoma vichwa vya vifaranga sikuweza kuusoma uso wa mtu mmoja. Nilijifunika khanga nikalia kwa sauti. Wanawake waliokuwa jikoni wakaja kunishika, wakasema poleni, poleni, huyu lazima alimpenda sana marehemu. Sikuwakanusha.

Niliingia ndani kwa mjane wake, nikampa mkono, na rambirambi niliyoikalia kwenye simu nikaitoa pale, na radhi nikaiomba palepale. "Wewe ndiye Zaina wa kofia?" akaniuliza. "Alisema ipo siku utakuja kudai, na ukija usirudi mikono mitupu." Niliteremka Korogwe na kapu limefunikwa jani la mgomba. Wako hapa uani ninapoandika, jogoo mmoja na mitetea wawili, wanaparua maua yangu. Jana kwa haraka niliwatupia mahindi makavu nione watafanyaje. Waliyatazama, wakanitazama mimi, wakasubiri. Nikaenda kuchota maji.